Sambaza ni mgeni, na sasa naye amepata mgeni

Soko la Kadutu, Bukavu, asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma. Beseni la sambaza limejaa mpaka ukingoni. Katikati yake amelala samaki mmoja mwembamba, mrefu kidogo kuliko wenzake, mwenye vidoa vya buluu vilivyopangwa ubavuni. Mnunuzi, kijana, anamtoa kwa vidole viwili.

"Mama, hii njo samaki gani?"

"Ile iko ya ku majiwe, haiko sambaza. Usiogope, mutoto yangu. Mu mafuta yote inakuwa moja."

Samaki anarudishwa, kikombe kinajazwa, franga zinahesabiwa.

Ndani ya mafuta ya moto mama amesema kweli. Ndani ya maji si kweli, na jambo hilo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Sambaza mwenyewe, yule tunayemwita samaki wetu, anayekaangwa kuanzia Goma hadi Bukavu na kuliwa na bugali na lengalenga, ni mgeni aliyeletwa ziwa Kivu kwa mikono ya watu. Huyu wa vidoa ni mgeni mwingine. Kati ya kuja kwa mmoja na kuonekana kwa mwenzake haikupita hata miaka 50.

## Ruzizi haipandiki

Ziwa Kivu lina mita 485 mahali penye kina zaidi, lakini samaki hawaishi huko. Wakati wa kiangazi, pepo zinapokoroga maji, oksijeni hufika mita 60 au 70 hivi. Wakati wa mvua huishia juu zaidi. Chini ya hapo kuna maji mazito yenye chumvi na gesi za kaboni dioksidi na methani, ambayo hayachanganyiki na ya juu. Ni shamba kubwa lenye udongo mzuri wa kiganja kimoja tu.

Volkeno za Virunga ndizo zilizolifanya hivyo. Zamani maji yalitoka kuelekea kaskazini, upande wa ziwa Edward. Lava ikaziba njia, maji yakapanda, yakafurika kusini na kufungua Ruzizi. Tangu hapo Kivu na Tanganyika zinaunganishwa na mto mmoja, lakini Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika iko karibu mita 770. Samaki anayetaka kupanda kutoka Uvira, ufukweni mwa Tanganyika, anakutana na makorongo na maporomoko yanayoshuka karibu mita 700.

Hapandi.

Ndiyo maana Kivu lilikuwa maskini wa aina za samaki. Hata leo, ukiwahesabu pamoja na walioletwa, hawafiki spishi 30, wakati Tanganyika ina zaidi ya 200. Kati ya wa Kivu, 15 ni haplokromi, jamaa wadogo wa tilapia, wasiopatikana penginepo duniani, nao hukaa zaidi karibu na ufuko. Tilapia na kambare nao wanashika kando. Katikati, penye maji wazi, hapakuwa na samaki aliyejua kula vijidudu vinavyoelea.

Mtaalamu wa uvuvi akitazama ziwa la namna hiyo anaona chakula kinachopotea bure. Swali la nani alikuwa tayari anakitumia halikuulizwa sana.

## Vifaranga 57,000

Kati ya 1958 na 1960, utawala wa Kibelgiji ulichukua vifaranga kama 57,000 kutoka Tanganyika ukawamwaga Kivu. Walikuwa wa aina mbili ambazo zikiwa changa jicho huzichanganya: Stolothrissa tanganicae, ndagala wa kawaida, na Limnothrissa miodon, ambaye akikomaa ni mkubwa zaidi. Stolothrissa hakudumu. Limnothrissa akabaki, akaenea ziwa zima. Ndiye sambaza.

Tofauti yao inafundisha mengi kuliko kitabu. Stolothrissa ni samaki wa maji wazi, karibu maisha yake yote, na anategemea vijidudu vya huko. Limnothrissa hana masharti. Vifaranga wake hukulia ufukweni, wakubwa huenda katikati. Akikosa vijidudu anakula wadudu, na akikosa wadudu anakula wadogo wa aina yake mwenyewe. Ukitaka kukisia mgeni gani atakaa mahali, anza kwa kuuliza anaweza kuishi kwa vyakula vingapi. Sambaza huyuhuyu alipelekwa bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko pia akakaa. Watu wa Lubumbashi wanamjua kwa jina la kapenta.

Jambo la pili ni maadui aliowaacha nyuma. Tanganyika kuna mikebuka, ambaye wengine humwita mukeke, na ndugu zake wakubwa wa jamii ya Lates. Kivu hakumkuta hata mmoja wao. Alikuta ndege, samaki wachache wa kandokando, kisha akakutana na sisi.

Sisi tulichelewa. Uvuvi wake wa maana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, pale mradi wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uliokuwa Gisenyi, upande wa Rwanda, ulipoeneza wavu wa kuinua. Leo kila mtu anayelala karibu na maji anaujua: mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, wavu umening'inia chini yake, taa juu ya maji, nyimbo za wapiga kasia jioni. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni balbu za betri. Usiku vijidudu hupanda juu na sambaza huvifuata, kisha taa inawakusanya mahali pamoja. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi inakaa ufukweni. Siku hizo chache kila mwezi ndizo mapumziko ambayo samaki huyu anayapata bila kuandikiwa sheria.

## Aliyepotea wa kwanza

Kabla ya sambaza, katika maji ya Kivu aliishi kijidudu kiitwacho Dafnia, wa spishi Daphnia curvirostris. Ni mdogo, milimita moja au mbili, lakini kwa vijidudu vinavyoelea huyo ni jitu. Kazi yake ni kuchuja. Miguu yake hupeleka maji bila kupumzika na kila mwani, yaani mmea mdogo sana wa majini, unaopita unaishia tumboni.

Sasa mtazame kwa macho ya sambaza. Ni mkubwa, kwa hiyo anaonekana. Anaogelea kwa kurukaruka polepole, kwa hiyo hakimbii. Jike hubeba mayai mgongoni, kwa hiyo kila anayeliwa anaondoka na watoto wake.

Dafnia hakuzaliwa katika ziwa lenye adui wa namna hiyo. Hakupata muda wa kujifunza.

Watafiti walipopima tena miaka ya baadaye walikuta Dafnia hayupo, na wingi wa vijidudu kwa jumla umeshuka sana. Mwapu Isumbisho wa ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, na wenzake, katika kazi yao iliyotoka 2006, walikuta ziwa limeshikwa na vijidudu vingine, kopepodi wadogo wa jamii ya saiklopi. Hao wana silaha moja: wakihisi maji yanatikisika wanaruka ghafla kama risasi, na mara nyingi mdomo wa samaki unabaki na maji matupu. Lakini kopepodi hachuji kama Dafnia. Yeye hukamata punje mojamoja. Kwa hiyo, pamoja na mnyama mmoja kuondoka, kasi ya kula miani nayo ilibadilika.

Hapa ndipo mizani ya ziwa inapoeleweka vibaya. Watu wengi wakisikia kwamba samaki mgeni ameharibu ziwa, wanatafuta mizoga inayoelea, maji yanayonuka, wavuvi wanaolia. Kivu hawakuona hayo. Maji ni ya buluu, samaki wako sokoni. Mabadiliko yalipita ngazi ambayo hakuna mama anayeiuza kwa kikombe.

## Unabii wa 1986

Mwaka 1986 mtaalamu wa Kibelgiji Henri Dumont aliandika kwa ukali kwamba sambaza amekula msingi wake mwenyewe, na kwamba uvuvi uliojengwa juu yake unaweza kuanguka. Hoja yake ilikuwa na miguu: chakula kimepungua, mlaji hana adui, mwisho wake ni njaa.

Haukuanguka.

Vipimo vya mawimbi ya sauti vilivyofanywa miaka ya 1980, vikarudiwa karibu 2008, vilionyesha wingi wa sambaza usiotofautiana sana, tani elfu chache kwa ziwa zima. Nani aliushika usawa huo? Kwa maoni yangu, sambaza mwenyewe. Chakula kikipungua wakubwa wanageukia wadogo wao. Kula watoto wa jamii yako ni breki mbaya kuisikia, ila ni breki. Halafu kuna kiangazi: kati ya Juni na Septemba pepo huleta virutubisho kutoka chini, miani inastawi, kopepodi wanaongezeka, na sambaza anapata msimu wa shibe.

Nimesoma watu wanaotumia kushindwa kwa unabii huo kama ushahidi kwamba kuleta samaki lilikuwa jambo jema tu. Hapo ninakataa. Dumont alikosea juu ya uvuvi. Juu ya Dafnia hakukosea, na Dafnia hakurudi. Ziwa limepata usawa mwingine, mwembamba kuliko wa kwanza, wenye ngazi chache na kiungo kimoja kikubwa katikati ambacho kila kitu kinakiegemea.

## Je, samaki anatengeneza gesi?

Hili ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu kwa watu wa Goma na Bukavu methani, gesi iliyolala chini ya ziwa lao, si hadithi.

Hoja ilikuwa hivi. Sambaza anakula walaji wa miani. Miani isiyoliwa inakufa na kuzama. Huko chini kusiko na oksijeni bakteria wanaivunja, methani inazaliwa. Mwaka 2005 Martin Schmid na wenzake walitoa hesabu kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30. Halafu wachimbaji wa tope la chini ya ziwa wakaleta ushahidi mwingine: tabaka za chokaa zinaanza kuonekana ghafla katika tope la miaka ya 1960. Wakati uleule wa sambaza! Karibu mtu apige makofi.

Lakini miaka ya 1960 haikuwa na sambaza peke yake. Watu waliongezeka milimani, misitu ikalimwa, udongo na mbolea vikashuka na mvua. Chemchemi za chini ya ziwa nazo zina mienendo yake. Waliochimba tope hilo wenyewe walitaja sababu hizi zote pamoja, bila kumfunga samaki peke yake. Na vipimo vipya vya gesi, vilivyochapishwa 2020 na Fabian Bärenbold na wenzake kwa kulinganisha vyombo kadhaa, havikuona ongezeko la methani linaloweza kutenganishwa na makosa ya kupima.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema sambaza ndiye anayejaza ziwa gesi, mwambie ushahidi haujambeba. Mgeni akituhumiwa kwa kila kitu, siku ya kumtuhumu kwa haki hakuna atakayesikiliza.

## Yule wa mawe

Turudi kwa samaki wa vidoa. Jina lake la kitaalamu ni Lamprichthys tanganicanus, naye ni wa Tanganyika. Katika Kivu aliripotiwa 2006. Ruzizi haipandiki, kwa hiyo kuna mkono wa mtu, awe alifanya kwa makusudi au kwa uzembe. Ni samaki mzuri wa kutazama na huuzwa duniani kama pambo la matangi ya kioo.

Kumtambua si kazi. Sambaza ana tumbo lenye makali kidogo ukipitisha kidole, pezi moja fupi katikati ya mgongo, na mkia uliogawanyika wazi. Wa mawe ana mwili mrefu na pezi la mgongoni lililosogea nyuma sana, likikabiliana na pezi refu la chini. Dume ana safu za vidoa vya buluu, jike amepauka. Ndiyo maana majike yanapita sokoni bila kuonekana, na hesabu ya macho siku zote ni ndogo kuliko ukweli.

Anataga mayai kwenye nyufa za mawe. Fuko za Kivu, kuanzia Goma na lava yake, kisiwa cha Idjwi, mpaka ghuba za Bukavu, zimejaa nyufa. Na hapo ufukweni ndipo vifaranga vya sambaza vinapokulia.

Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha matumbo ya hao wawili. Karibu na ufuko, huyu wa mawe anakula mchanganyiko, na wadudu wengi kadiri anavyokua, kwa hiyo mgongano ni mdogo. Akienda maji wazi anawinda kopepodi walewale wa sambaza. Kivu ina kopepodi wachache tayari, na nimeshaeleza nani aliwapunguza wenzao.

Haplokromi 15 ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wanaishi mawe hayohayo na hawana ziwa lingine la kukimbilia. Hawauzwi sana, kwa hiyo hakuna atakayelalamika wakipungua.

## Kuhesabu beseni

Chama cha wavuvi hakihitaji maabara ili kujua mgeni anaenea kwa kasi gani. Kinahitaji kuhesabu kwa namna ileile kila mara.

Chukua samaki wakati mtumbwi unafika, kabla hawajachaguliwa. Beseni la sokoni halifai, kwa sababu juu muuzaji ameweka wazuri (na ana haki, ndiyo kazi yake). Koroga kwa mkono mpaka chini, chota vikombe viwili kutoka sehemu mbili, hesabu 100 bila kuruka hata mmoja. Tenga sambaza, wa mawe, na wengine. Pima urefu wa 30 wa kila kundi, kutoka pua hadi kwenye panda ya mkia, kwa rula iliyobandikwa kwenye ubao. Andika tarehe, mahali, aina ya wavu, ukubwa wa tundu, na hali ya mwezi. Bila mwezi takwimu hazilinganishwi, kwa kuwa usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi havileti samaki walewale.

Ukikuta usiyemjua, mpige picha ubavuni akiwa bado mbichi, rula pembeni, kwani rangi hufa ndani ya saa chache. Kisha mweke kwenye alkoholi ya asilimia 70 pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka, na samaki asiye na tarehe wala mahali hamsaidii mtu yeyote.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni wavu wenyewe. Chandarua cha mbu kinachokokotwa ufukweni hukamata vifaranga vya kila aina, na siku hiyo hesabu itakuambia ziwa limejaa wadogo. Andika wavu, hata kama ni ule usioruhusiwa. Hasa ule.

Kuhusu vizimba vya tilapia vinavyozidi kuongezeka ziwani, nasema machache. Kila kizimba siku moja kitatoboka. Swali ni nani atatoka. Mbegu ya tilapia iliyozalishwa kutoka ziwa hili ikitoroka imerudi nyumbani. Mbegu iliyosafirishwa kutoka mbali itazaliana na wa hapa, na huwezi kuitoa tena. Na barabara ya Uvira: ndagala na mikebuka waliokaushwa hawana hatari yoyote. Ndoo yenye maji na samaki hai ndiyo yenye hatari, hata kama ni zawadi kwa watoto.

## Wazo la kuleta mwindaji

Katika mazungumzo ya ufukweni kuna pendekezo lisilokufa: tulete mikebuka, amle huyu wa mawe, na sisi tupate samaki mkubwa wa kuuza.

Ziwa Victoria lilijaribu kwa sangara, kuanzia miaka ya 1950. Miaka ya 1980 sangara alilipuka na inakadiriwa haplokromi kama 200 walitoweka. Sisi tunao 15. Lakini tuache haplokromi kando, tupige hesabu ya tumbo tu.

Kila unapopanda ngazi moja ya ulaji, karibu sehemu tisa za kumi zinapotea kwa joto, mwendo na kinyesi. Kilo moja ya mikebuka ingegharimu takriban kilo kumi za sambaza. Mwindaji pia hachagui wa vidoa kwanza kwa sababu tumemwagiza. Anakula yule aliye mwingi na rahisi kukamata katika maji wazi, naye ni sambaza. Wa mawe ana nyufa za kujifichia. Tungebaki na tani mia chache za samaki mkubwa, wa hoteli na wa kuvuka mpaka, mahali palipokuwa na maelfu ya tani za samaki anayenunuliwa kwa kikombe.